Taa za utepe kwenye makabati ya jikoni zifungwe kwa hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wenye nyumba na mafundi wa makabati wa hapa Dar es Salaam kuhusu taa za utepe za LED, ambazo siku hizi zinabandikwa chini ya makabati mengi mapya ya jikoni. Mimi ni fundi umeme. Taa hizi nazipenda, kwa kuwa zinaangaza vizuri pale pa kukatia mboga, mahali ambapo taa ya dari humwachia mpishi kivuli chake mwenyewe. Lakini namna zinavyounganishwa inanitia hofu.

Hivi karibuni niliitwa katika nyumba moja huko Tabata ambako taa za jikoni zilikuwa zikififia upande mmoja. Nilipofungua kabati la juu nikakuta adapta, yaani kile kifaa kinachoshusha umeme wa ukutani hadi volti 12 za utepe, imefichwa nyuma ya rundo la sahani, imevimba na kubadilika rangi, na ubao ulio chini yake umeungua ukawa mweusi. Aliyezifunga ni seremala aliyetengeneza makabati hayo, ambaye kwa nia njema kabisa aliamini kwamba umeme wa volti 12 hauna madhara.

Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Volti 12 hazimpigi shoti mtu aliyegusa waya kwa mkono mkavu, lakini joto linaloanzisha moto hutegemea mkondo unaopita na ubovu wa mahali unapopita. Utepe mmoja unaouzwa sana, wenye taa 60 katika kila mita, hutumia wati 14.4 kwa mita, kwa hiyo mita 5 ni wati 72. Kwa umeme wa ukutani wa volti 230, wati hizo ni mkondo wa kama theluthi moja tu ya ampea. Kwa volti 12 ni ampea 6 kamili. Ampea 6 zikipita kwenye waya mwembamba wa spika, au kwenye kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, hukipasha moto kiungo hicho muda wote taa zinapowaka. Wala sakiti breka haitakatika, kwa sababu kiungo kilicholegea hakiongezi mkondo. Kinaungua polepole ndani ya ubao huku breka ikiona kila kitu kiko sawa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wakidhani breka mpya inawalinda na kila kitu.

Kwa hiyo hesabu ianze kabla ya safari ya Kariakoo. Pima urefu unaohitaji, zidisha kwa wati za mita moja zilizoandikwa kwenye kasha, kisha ongeza angalau sehemu ya tano: utepe wa wati 72 unadai adapta ya wati zisizopungua 87, na ukichukua ya wati 100 itafanya kazi bila kuchemka. Volti za adapta lazima zilingane na za utepe. Anayeweza kupata utepe wa volti 24 pamoja na adapta yake namshauri achukue huo, kwa kuwa kwa wati zilezile mkondo unapungua nusu. Ukihitaji zaidi ya mita 5 za volti 12, usiunge kipande kwenye mkia wa kingine, maana shaba iliyo ndani ya utepe ni nyembamba na taa za mwisho zitafifia. Kila kipande kipelekewe waya wake kutoka kwenye adapta. Ukate pale tu palipochorwa alama, na viungo vishikwe kwa solda na kufunikwa vizuri.

Kuna utepe mwingine mnene, wenye ganda la plastiki, unaouzwa kwa mita na kutumia volti 220 moja kwa moja. Huo usifungwe jikoni hata kidogo. Ukikatwa, ncha yake inakuwa na umeme uleule wa soketi, na chini ya kabati hupita mikono yenye maji na kitambaa kibichi kila siku.

Adapta nayo ikae mahali pakavu penye hewa, mbali na mvuke wa sufuria na bomba la sinki. Jambo ambalo sijasikia likisemwa ni mtungi wa gesi: wengi wetu tunauweka ndani ya kabati la chini, na gesi hiyo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama humo humo. Swichi, adapta au kiungo chochote cha taa kisiwekwe katika kabati hilo, kwani cheche moja inatosha.

Upande wa umeme wa ukutani ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji nchini, na mwenye nyumba asione aibu kuomba kuiona leseni hiyo. Plagi iwe ya pini tatu na ndani yake fyuzi ya ampea 3, si ile ya 13 ambayo huja nayo. Wenye maduka nawaomba wamuulize mteja urefu wa utepe kabla ya kumpa adapta, badala ya kumpa yoyote iliyo karibu na mkono. Na kwa wale ambao taa zao zimeshafungwa, waziwashe kwa saa moja, wazime, wachomoe plagi, kisha wapapase viungo vya upande wa volti 12 kwa mgongo wa kiganja. Kiungo chenye joto kuliko utepe wenyewe kifunguliwe na kuungwa upya kabla taa hazijawashwa tena.

Fundi umeme,
Dar es Salaam