Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri: Majitaka ya Kijiji Chetu Yatafutiwe Njia

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tangu maji ya bomba yafike kijijini kwetu, akina mama wamepumzika kupanda mlima na ndoo kichwani, na kwa hilo tunaishukuru Serikali kwa dhati. Hata hivyo, maji yanayoingia hayana budi kutoka, na hayo yanayotoka hayakupangiwa njia. Shule ya bweni ina vyoo vya kuvuta maji, nyumba za wageni zimefuata, na kila kifuku mashimo yao hufurika.

Nyuma ya bweni unapita mfereji wa maji ya kijivu yenye povu la sabuni, unaokatiza kwenye mianzi ya ulanzi na kumwagikia kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, ambako kiangazi chote hulimwa mchicha na chainizi za kuuza gulioni. Mayai ya minyoo huweza kuishi miezi mingi kwenye udongo wenye unyevu, na watoto ndio wanaopalilia humo pekupeku. Kijito kinachopita hapo huingia Ruaha Mdogo, mto ambao mji wa Iringa huchota maji yake ya bomba, kwa hiyo jambo hili si letu peke yetu.

Hatuombi mtambo wa kusafisha majitaka unaoendeshwa kwa umeme. Tunaomba tangi la vyumba viwili la kutuamisha uchafu mzito, kisha kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, ambamo maji hupita taratibu chini ya kokoto huku vijidudu vilivyoshika kwenye mawe na mizizi vikila uchafu. Kwa kuwa maji hayaonekani juu, mbu hawapati pa kuzalia. Mteremko tunao, hivyo pampu haihitajiki, na matete yamejaa mabondeni.

Naomba msisitizo uwe kwenye baridi, kwa sababu hapo ndipo michoro ya kuazima hukosea. Mwezi Juni na Julai vijidudu hivyo hufanya kazi polepole mno, kwa hiyo kitanda kinachotosha Dar es Salaam kitakuwa kidogo huku kwetu, na vipimo vyake lazima vitokane na miezi hiyo ya baridi. Vilevile kijengwe nje ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka.

Baada ya ujenzi kuna utunzaji, ambao kwa maoni yangu ni mgumu kuliko ujenzi wenyewe. Tope litajaa kwenye tangi, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda barabara yetu wakati wa mvua. Bila sehemu ya kulikaushia papo hapo, kokoto zitaziba na tutarudi kwenye mfereji uleule. Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliunganisha maji na usafi wa mazingira vijijini, hivyo chombo chetu cha watumia maji kipewe mafunzo ya kazi hiyo, na sehemu ndogo ya makusanyo ya maji itengwe kwa ajili yake.

Tunaomba kitanda cha kwanza kijengwe shuleni, ambako eneo lipo, na mhandisi aje kupima mteremko kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa bonde la Ruaha Mdogo, Iringa