Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: fedha za kupima na kulinda maji zisiwe za mwisho

Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Wizara ya Maji,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: FEDHA ZA RASILIMALI ZA MAJI KATIKA BAJETI IJAYO

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu kutoka Bahi.

Nakuandikia mwezi Novemba, jua likiwa kali na mvua bado hatujaiona. Najua huu ndio wakati ambao wizara zinaanza kupanga makadirio ya mwaka wa fedha unaokuja, kabla hujasimama bungeni kuomba Fungu 49, yaani bajeti ya wizara yako, lipitishwe. Nimeona nisisubiri hadi Mei. Mwezi Mei mambo yanakuwa yameshaiva, na wabunge huuliza yale wanayotumwa na wapiga kura wao: kijiji fulani kitapata kisima lini, bomba la kata fulani limekwama wapi. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini maji yenyewe, yale yaliyo chini ya ardhi na yale ya mtoni, hayana mbunge wa kuyaulizia. Nani anayapima, nani anayalinda, na kwa fedha ipi? Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa pia msomaji wa kipimamvua kilichosimikwa nyuma ya ofisi ya walimu. Kazi yenyewe ni ndogo. Saa tatu kamili asubuhi unatoka, unafungua mfuniko, unamimina maji kwenye gilasi yenye alama za milimita, unainama mpaka jicho liwe sawa na maji, unaandika. Kama mvua haikunyesha unaandika sifuri. Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka, mwalimu anaandika kwamba hakuna kitu. Nikawaambia sifuri ya Februari ni habari kubwa kuliko milimita arobaini za Desemba, kwa sababu Februari ndipo mtama unapotaka kubeba, na huku kwetu ndipo mvua inapopenda kukata.

Posho ya kazi hiyo ilikuwa kidogo, ikawa inachelewa, mwisho ikakatika. Niliendelea kusoma. Kisha gilasi ikavunjika. Niliandika barua mara mbili kuomba nyingine, nikajibiwa kwa mdomo kwamba fedha haijatoka. Kuna aliyenishauri nitumie chupa ya dawa na kuichora alama mwenyewe. Nilikataa, kwa maana namba ya kubahatisha ni mbaya kuliko kukosa namba. Daftari langu la mwisho linaishia katikati ya msimu wa mvua. Simlaumu kijana aliyenijibu, naye alikuwa hana cha kunipa. Lakini gilasi ile, Mheshimiwa, haifikii hata bei ya bomba moja la inchi mbili.

Sasa mimi ni katibu wa jumuiya yetu ya watumia maji, na nimekutana na jambo lile lile upande wa chini ya ardhi. Kisima cha kijiji chetu kina pampu ya sola. Kilipochimbwa tulishangilia, na hata leo nawashukuru waliokileta. Lakini tangu wakati huo fundi amekuja mara mbili kuishusha pampu, kwa sababu ilikuwa inavuta hewa. Mara ya pili nilisimama naye. Hakuwa na kifaa cha kupimia kina. Alifunga jiwe kwenye kamba ya katani, akaliteremsha polepole mpaka akasikia limegusa maji, akaweka fundo, akaivuta kamba juu na kuihesabu kwa pima za mikono yake. Akasema, "Mwalimu, maji yameshuka." Nikamuuliza yameshuka kwa kiasi gani. Akaniambia kwa kuwa mara ya kwanza hakuhesabu, hawezi kujua. Kisima kinachonywesha kaya zetu zote, pamoja na ng'ombe, hatukijui hali yake kwa namba hata moja inayoaminika.

Hapo hapo katika mkoa wetu, Mheshimiwa, tuna mfano wa namna jambo hili linavyopaswa kuwa. Bonde la Makutupora, ambako visima vya Mzakwe vinalisha Jiji la Dodoma, kina cha maji yake kimepimwa tangu miaka ya 1950. Wakoloni waliondoka, Uhuru ukaja, makao makuu yakatangazwa kuhamia Dodoma mwaka 1973, Serikali ikahama kweli kweli kuanzia 2016, na muda wote huo kulikuwa na watu wanaokwenda kwenye visima vile kuandika kina cha maji. Kumbukumbu ndefu kama hiyo ya maji chini ya ardhi ni adimu sana katika ukanda wa joto wa Afrika, na wataalamu wa nje wanakuja kuisoma.

Kumbukumbu hizo zimetufundisha jambo ambalo hakuna mtu angelijua kwa kukaa mwaka mmoja au miwili. Maji ya Makutupora hayaongezeki kila msimu. Miaka inapita, kina kinashuka, kinashuka, halafu inakuja mvua kubwa kama ile ya El Niño ya 1997/98, mito ya msimu inafurika, na bonde linajaa kwa mkupuo. Kisha linaanza tena kushuka. Maana yake ni kwamba maji ambayo mkazi wa Area C au Nkuhungu anayachota leo yanaweza kuwa yaliingia ardhini miaka mingi iliyopita, kwa mvua ya miezi michache. Bajeti yetu inahesabu kuanzia Julai mosi hadi Juni 30. Bonde lina hesabu yake, ya miaka kumi au zaidi. Jiji ambalo Sensa ya 2022 ililikuta na watu zaidi ya 765,000, na linaloendelea kupokea watu, linategemea kwa sehemu kubwa hesabu hiyo ya bonde, na tunaijua kwa sababu tu kulikuwa na mtu aliyepelekwa kupima hata mwaka ambao hakukuwa na habari yoyote.

Nije kwenye fedha. Mwaka 2023/24 wizara yako iliidhinishiwa zaidi ya Sh bilioni 750. Mwaka uliofuata ikashuka na kuzidi kidogo Sh bilioni 627, na mwaka 2025/26 ikavuka Sh trilioni 1. Ni fedha nyingi, na kazi imeonekana. Nimezaliwa katika nyumba ambayo mama yangu, kiangazi, alikuwa akiamka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto na kusubiri maji yajikusanye, anayachota kwa kata, tone kwa tone, hadi mtungi ujae. Wajukuu zangu wanafungua bomba. Sitaki mtu asome barua hii akadhani napinga visima na mabomba.

Lakini ukifungua vitabu vya makadirio, sehemu kubwa ya fedha za maendeleo inakwenda kwenye miradi ya kusambaza maji mijini na vijijini. Rasilimali za maji, yaani kupima mito, kufuatilia maji chini ya ardhi, kuweka mipaka ya vyanzo, kusimamia vibali, kuwezesha bodi za mabonde, vyombo vinavyosimamia maji ya kila bonde, hubaki na sehemu ndogo. Tena kuidhinishwa si kutolewa. Hazina inapobana, mradi wenye mkandarasi una mtu wa kuudai. Kituo cha kupima mto hakina mkandarasi, na mto hauandiki barua ya madai.

Tunaambiwa bodi za mabonde zinajiendesha pia kwa ada za vibali vya kutumia maji. Ni kweli, ila mabonde hayalingani. Bonde la Rufiji lina mitambo ya umeme ya Mtera, Kidatu na Bwawa la Nyerere. Pangani nako kuna mitambo na mashamba makubwa. Sisi wa Bonde la Kati hatuna mitambo mikubwa ya umeme wa maji wala mto unaofika baharini. Tuna wafugaji, wakulima wadogo wa mpunga, na visima vya vijiji. Ukisema kila bonde lijitegemee kwa ada zake, bonde kavu kuliko yote, ambalo ndilo linalohitaji kupimwa zaidi, ndilo litakalopimwa kidogo zaidi. Na Mkoa wa Dodoma peke yake umegawanyika katika mabonde matatu: jiji liko Wami/Ruvu, sisi wa Bahi tuko Bonde la Kati, na upande wa Mtera ni Rufiji. Kwa hiyo hata mkuu wa mkoa akitaka kujua hali ya maji ya mkoa wake, inabidi abishe hodi milango mitatu.

Suala la Mto Bubu linaninyima usingizi kuliko mengine yote, naomba univumilie hapa. Bubu unatoka kaskazini, unapita Kondoa na Chemba, unakuja kuishia kwetu, kwenye mbuga ya Bahi. Mvua zikiwa nzuri mbuga inakuwa ziwa, kambare wanavuliwa, mpunga unasimama. Kiangazi inakauka na kubaki udongo uliopasuka. Huko juu, Farkwa, ndiko limepangwa bwawa kubwa la kuleta maji Dodoma, Bahi, Chemba na Chamwino. Nalisubiri bwawa hilo kama kila mtu. Jiji haliwezi kuendelea kunywa kutoka Mzakwe peke yake. Ila siku bwawa likifungwa, itaamuliwa nani apate kiasi gani: jiji, au mpunga wa Bahi, au kambare wa mbuga. Uamuzi huo unahitaji kujua mto unaleta maji kiasi gani mwaka mzuri, mwaka wa kawaida na mwaka mbaya, kwa vipimo vya miaka mfululizo visivyo na mashimo katikati. Tukifika siku hiyo na daftari lenye kurasa tupu, atakayezungumza kwa sauti kubwa ndiye atakayepata maji, na wakulima wa huku chini hatuna sauti kubwa.

Bwawa likichelewa mwaka mmoja linaweza kujengwa mwaka unaofuata. Kina cha mto ambacho hakikusomwa Januari hii hakuna fedha itakayokirudisha.

Fedha inaweza kupatikana bila kodi mpya. Kijana wangu wa mwisho anaendesha bodaboda. Akiweka lita nne za petroli hapa Bahi barabarani, Sh 200 inakwenda Mfuko wa Taifa wa Maji, maana kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya Sh 50 kwa ajili ya maji. Sheria inauruhusu Mfuko kugharamia pia utunzaji wa maeneo ya vyanzo. Naomba sehemu ya tozo hiyo itengwe kwa kazi hii, itajwe kwa jina, na isiguswe mwaka unapokuwa mgumu. Hata shilingi mbili katika zile hamsini, Mheshimiwa. Kiwango mtakijua ninyi wenye hesabu, mimi naomba kiwepo na kiwe hakihamishwi.

Naomba pia kila mkataba wa kuchimba kisima cha kijiji uwe na bei ya kifaa cha kupimia kina na mafunzo ya mtu mmoja wa chombo cha watumia maji kukitumia. Hapo hapo mkandarasi akiwa bado yupo, si kwa mradi mwingine utakaokuja baadaye. Na katika hotuba yako, pale unapotaja idadi ya visima vilivyochimbwa, utaje na vituo vingapi vya kupima mito na maji chini ya ardhi vilisomwa mwaka mzima bila kukatika, pamoja na kiasi kilichotolewa kati ya kile kilichoidhinishwa. Wabunge wakianza kuzisikia namba hizo kila Mei, wataanza kuziuliza.

Kuhusu mita sitini za kando ya vyanzo ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za watu, nitasema kwa ufupi: huku kwetu zinajulikana kwa maneno, bikoni, yaani alama za mpaka, hazionekani. Hatuwezi kumfukuza jirani kwenye bustani yake ya nyanya kwa kumwonyesha mpaka ambao haupo.

Madaftari yangu ya mvua ninayo, kumi na manne, kwenye sanduku la bati ili mchwa wasiyafikie. Nimeyaandika jina la shule na mwaka juu ya kila jalada. Hakuna aliyewahi kuja kuyachukua, na ningefurahi sana yakichukuliwa ningali hai, kwa kuwa kuna mahali mwandiko wangu unahitaji mtu wa kuuelezea. Pale shuleni yupo mwalimu kijana anayewahi kazini kila siku. Nimemwonyesha namna ya kuinama na kusoma, naye amekubali kuendelea pale nilipoishia. Kipimamvua bado kimesimama. Kinachokosekana ni gilasi, na mvua zinatarajiwa wiki chache zijazo.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Katibu wa jumuiya ya watumia maji,
Wilaya ya Bahi, Dodoma.