Chupa ya maji ya safari: tazama mpira wa kifuniko kabla ya rangi

Mhariri,

Kaskazi ikianza kuvuma na skuli zikifungwa, vijana hutoka kwa makundi kutembea msitu wa Ngezi mpaka ufukwe wa Vumawimbi hapa Pemba, na kwa upande wa Unguja huko msitu wa Jozani. Shanta huwa nzuri, viatu vizuri, lakini ndani mna chupa nyembamba za maji ya dukani ambazo zikishanywewa hubaki vichakani. Visiwa vyetu vilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006. Chupa hizi bado zinatushinda. Sisi tunaowaongoza watu msituni tunataka kila mtu abebe chupa yake ya kudumu, na tunataka asiingie hasara kwa kununua isiyofaa.

Inayowavutia wengi ni ile ya stili yenye kuta mbili, inayosifiwa kuhifadhi baridi kutwa nzima. Kwa ofisini au garini, inunue. Mgongoni ni mzigo, kwani ikiwa tupu hukaribia uzito mara mbili wa ile ya ukuta mmoja, na bado hujatia maji, ambayo kila lita ni kilo nzima. Tena haiwekwi motoni abadan: nafasi iliyo baina ya kuta imezibwa kabisa, na ikipata moto chupa inaweza kupasuka.

Ile ya ukuta mmoja ndiyo ya msafiri. Unatoa kifuniko, unaacha nafasi ya vidole viwili juu, unaiweka mafigani (nje ya hifadhi, si msituni), na maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha. Usikaze kifuniko maji yangali moto. Mvuke ukipoa hunywea, huvuta kifuniko kwa ndani, na utakesha unakifungua. Ukitaka maji ya baridi, ivishe chupa soksi ya pamba iliyoloweshwa uitundike penye upepo. Ni kazi ile ile inayofanywa na mtungi wa udongo.

Anayependa plastiki kwa wepesi wake aigeuze atazame kitakoni namba inayoonyesha aina ya plastiki. Namba 2 na namba 5 zinastahimili kutumiwa tena na tena. Namba 1 ni ile ile ya maji ya dukani, hufanya nyufa shingoni na hujikunja ikitiwa maji moto. Namba 7 imekusanya plastiki za kila aina, kwa hiyo usiichukue isipoandikwa kwamba haina BPA, kemikali ya plastiki inayoweza kuingia majini. Chupa za aluminiamu hupakwa utando kwa ndani. Zikibonyea utando hubanduka, na hapo juisi ya ndimu au ukwaju huanza kuila aluminiamu yenyewe.

Mdomo uwe mpana, sifongo ifike chini. Kifuniko kiwe cha kuzungusha tu. Vyenye mrija na vibonyezo ni nyumba za ukungu, kwa sababu kila kijitundu hubakiza maji na mkono haufiki. Kabla ya kuiamini, ijaze, ikaze, ifute ikauke, izungushie gazeti kisha isimamishe kichwa chini dakika 10. Gazeti likilowa, ujue nguo zako zitalowa pia.

Sasa mpira. Kila chupa nzuri ina mpira mwembamba ndani ya kifuniko, na huo ndio huharibika kwanza. Usipotolewa, uchafu hukaa nyuma yake, harufu inaingia majini, na mtu anatupa chupa nzima akidhani imeoza. Utoe kila wiki kwa kijiti butu, kamwe si kwa kisu, maana mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha. Uoshe kwa sabuni, uuanike kivulini, na chupa ilale wazi. Harufu ikikataa kutoka, tia kijiko cha chai cha magadi ya kuokea na maji vuguvugu, iache usiku kucha. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe usiiloweke kwenye stili, hutoboa vidoto vya kutu. Maji ya bahari nayo hufanya hivyo, basi ukitoka pwani isuuze kwa maji matamu.

Kuna kosa jingine linalotutisha. Vidonge vya kutibu maji vingi vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, na watu hukitumbukiza kimoja kizima kwenye chupa ya lita moja. Soma pakiti, nunua vya lita moja, kidonge kikiyeyuka legeza kifuniko kidogo maji yenye dawa yapite kwenye nyuzi zake, kwani mdomo wako utagusa hapo, kisha subiri dakika 30. Na maji ya visima vya pwani yenye munyu hayaponi kwa kidonge wala kwa kuchemsha. Chumvi inabaki pale pale.

Wakati wa joto hesabu nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Chupa mbili za lita moja ni bora kuliko moja ya lita mbili: mzigo unalingana kulia na kushoto, na moja ikivuja bado unayo ya pili. Madafu usiyafungie humo kutwa, huchachuka na kusukuma kifuniko.

Ombi letu ni kwa wenye maduka wa Darajani, Chake Chake na Wete. Mnapoagiza chupa, agizeni na mipira ya akiba ya saizi zake. Tunao watu wenye chupa nzima za stili zilizokaa kabatini kwa kukosa mpira tu.

Waongozaji wa matembezi ya msituni,
Konde, Pemba