Yah: Kushushwa garini Ikuu, Hifadhi ya Taifa ya Katavi

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo hiyo kwenye gari lenu sikuiona.

Masharti yenu mnayajua, sina haja ya kuwasomea. Twende Ikuu. Kiangazi hiki Mto Katuma umebaki madimbwi ya tope, viboko wamebanana mgongo kwa mgongo, na hicho ndicho kilichotutoa kwetu mpaka Katavi. Hata kamera hatujaitoa, dereva akaitwa kwenye redio. Akamgeukia mama yangu, mtu mzima mwenye magoti mabovu: "Mama, shukeni na mizigo, kuna wageni wametua uwanjani. Nyie viboko si mmewazoea?" Akatuacha kituo cha askari wa hifadhi, akaondoka.

Mama hajawahi kumwona kiboko maishani. Ametokea wapi huyo wa kumzoea?

Na dharau haikuanzia hapo. Asubuhi getini Sitalike tulisubirishwa mpaka jua likawa kali, eti gari linaoshwa. Ziwa Chada, lililoandikwa kwenye ratiba yenu, hatukulifikia kabisa. Gari lilirudi jioni, likakimbizwa kwenda nje kabla ya giza.

Nilipopiga simu ofisini nikajibiwa kwamba Ikuu "tulipumzishwa". Basi naomba nirudie, mnisikie vizuri. Hatukupumzishwa, tulishushwa. Mama alishikwa mkono kama mzigo, begi lake la dawa likabaki garini na hao wageni, mbung'o wakamla miguu na shingo mchana kutwa. Maji tulipewa na askari, Mungu awabariki, si ninyi. Na ile kauli, "nyie mmewazoea", ilisemwa mbele ya wanangu. Mzawa akilipa, hela yake ina rangi gani?

Nilikusudia kudai nusu ya malipo. Sasa nataka yote, pamoja na barua ya kumwomba radhi mama yangu, yenye saini yako wewe, si ya dada wa mapokezi. Nawapa siku saba. Zikipita, nakala ya barua hii na risiti zitafika Wizara ya Maliasili na Utalii iliyowapa leseni, na TANAPA nao watapata yao. Wakili nimeshaongea naye. Msinipigie simu kunibembeleza, jibuni kwa maandishi.

Mteja wenu (namba ya risiti mnayo)