Ile sifuri, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salaam sana kutoka Ujiji. Huku hatujambo, mvua zimeanza na embe zinadondoka juu ya bati usiku kucha.

Jana uliponipigia kwamba majibu ya mamografia, ile picha ya matiti, yametoka na umeandikiwa BI-RADS 0, ile namba daktari anayoipa picha hizo, sauti yako ilikuwa ya furaha: "Sifuri, mama, sina kitu!" Nikaitikia alhamdulillah, kisha usingizi ukanipaa. Nimeamka alfajiri nikuandikie, maana mtandao wa huku hukata maneno katikati, na haya nataka uyasome yote.

Sifuri hiyo, mama, haisemi huna kitu. Wala haisemi unacho. Inasema picha hazijatosha, na daktari wa mionzi hawezi kutoa jibu mpaka aone zaidi. Asiye na kitu huandikiwa 1. Ndiyo maana chini ya karatasi wamekuandikia urudi, ule mstari ulionisomea harakaharaka.

Najua namba hizi zinavyopotosha, mimi zilinipotosha kwa upande wa pili. Miaka mitatu iliyopita, ulipokuwa na mimba ya mjukuu wangu, nilipimwa Mwanza nikakabidhiwa karatasi yenye namba 4. Aliyenipa hakunieleza neno. Nikajua ni saratani hatua ya nne. Nikaikunja, nikaificha sandukuni chini ya kanga za msiba wa bibi yako, ikakaa wiki tano. Nilikuwa nageuza dagaa pale Kibirizi huku nawaza nani atakukanda ukijifungua. Sikukwambia, na hilo naomba unisamehe.

Muuguzi mmoja wa hapa mtaani ndiye aliyenifungua macho: hizo ni namba za picha, si hatua za ugonjwa. 3 ni kitu kinachoelekea sana kuwa si saratani, uwezekano hauzidi 2 kwa 100, kwa hiyo mtu hurudi baada ya miezi 6 kuona kama kimebadilika. 4 ni kitu cha kutilia shaka, kichukuliwe kinyama kipimwe. Nikarudi. Walinilaza, wakanichoma ganzi, wakawasha ultrasaundi. Kwenye kioo niliona doa jeusi, na sindano ikaingia kama uzi mweupe, ikalia "ta!" kama stepla. Mara nne. Niliumia kidogo tu, ziwa likavilia damu kwa siku kadhaa. Majibu yakatoka: uvimbe, lakini si saratani. Wiki tano nilizikaa gizani bure, na kama ingekuwa saratani, ningekuwa nimeipa wiki tano za kukua.

Wewe umesema wameandika matiti yako yana tishu nzito, yaani nyama ya ziwa ni nyingi kuliko mafuta. Si ugonjwa, wanawake wengi wako hivyo, hasa wa umri wako. Ila kwenye picha mafuta hutoka meusi, tishu hutoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe. Umewahi kusimama ufukweni alfajiri ukungu umelala ziwani, ukatafuta mtumbwi wa baba yako? Ndivyo daktari anavyotafuta. Ukirudi watabana sehemu ile moja kwa kibao kidogo, na mara nyingi tishu zilizolaliana huachana, kivuli kikapotea. Wakiendelea kukiona watapiga ultrasaundi, waone kama ni kifuko cha maji au ni kitu kigumu. Huko Marekani, katika wanawake 100 wanaopimwa bila dalili yoyote, kama 10 huitwa tena, na wengi wao hawakutwi na saratani. Kwa hiyo usiogope kwenda. Kutokwenda ndiko kunakonitisha.

Siku hiyo usijipake dawa ya kwapa wala poda, hutoka kwenye picha kama chembe nyeupe zikawachanganya. Na ile mamografia uliyopigwa zamani, omba picha zenyewe, si ripoti peke yake. Daktari akiziweka pamoja na za sasa ataona kama doa lilikuwapo tangu hapo au ni jipya. Pengine hilo tu likamaliza maneno.

Iwe wiki hii, usingoje sikukuu ipite. Mtoto nitakaa naye mimi. Nauli ya treni ninayo, nimeuza mawese madumu mawili. Nitajie tarehe waliyokupa, nami nitakuwa nimefika siku mbili kabla.

Mama yako