Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru, daktari, kwa kuacha wodi na kuja kwetu. Mwaka huu klabu yetu ilishikwa na swali moja: saratani ya pafu huanzia kwenye seli ipi?

Tulianza na hadubini. Kipande cha pafu ukikikuza ni kama kimia, matundu mengi kuliko nyama. Mwenzetu mmoja alidhani slaidi imechanika. Yale matundu ndiyo vifuko vya hewa, na mtu mzima ana mamia ya mamilioni. Kuta zake zimetandwa na seli bapa za aina ya kwanza, zinazopitisha oksijeni. Kwenye kona zimejikunyata seli nene za aina ya pili. Hizi hutoa ute unaozuia vifuko visinywee, na tena ni seli shina: kifuko kikijeruhiwa na virusi au moshi, hugawanyika, kisha baadhi hutandaa zikawa za aina ya kwanza. Jeraha likipona, hutulia.

Mheshimiwa, kwenye huko kutulia ndiko tulikokwama. Kinachoziamsha ni pamoja na protini ya interlukini-1 beta, itolewayo na seli za kinga. Moshi usipokoma, mwito nao haukomi, na baadhi ya seli hukwama katikati: aina ya pili zimeiacha, ya kwanza hazijaifikia. Sasa mwito huo ukiikuta seli yenye hitilafu katika jeni ya KRAS au EGFR, inayoihimiza izaliane bila kukoma, uvimbe unaweza kuanza.

Wengi wetu tulidhani hitilafu peke yake inatosha. Sivyo. Mwaka 2023 timu ya mtafiti wa saratani Charles Swanton wa London ilionyesha kwamba hitilafu za EGFR zilikuwamo katika asilimia 18 ya sampuli za pafu lisilo na saratani, na za KRAS katika asilimia 53. Zimelala tu. Katika panya, vumbi laini la hewa chafu ndilo lililoziamsha, na interlukini ilipozuiwa, uvimbe ulipungua. Dawa inayoizuia, kanakinumabu, ilikuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wa moyo. Matokeo ya 2017 yakaonyesha saratani ya pafu imepungua miongoni mwao. Ila ilipopewa watu ambao tayari wana saratani hiyo, haikufua dafu. Kwa hiyo mwito huu una uzito zaidi mwanzoni.

Kuhusu njia kuu za hewa, ambako seli shina ni za aina nyingine, tuseme moja tu: utafiti wa 2020 ulikuta kwamba kwa baadhi ya walioacha sigara, hadi asilimia 40 ya seli zilikaribia kuwa kama za mtu ambaye hakuwahi kuvuta.

Ombi letu ni dogo. Slaidi tuliyonayo ni ya pafu lenye afya tu. Tungefurahi kupata moja ya pafu lenye saratani, nawe uje utuonyeshe mahali pa kutazama.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanaklabu wa Baiolojia