Nyambura, tarehe ya Kamau usiisogeze

Kondele, Kisumu

Nyambura rafiki yangu,

Ujumbe wako nimeupata nikitoka zamu ya usiku, nikaona jibu lake haliwezi kuwa la haraka haraka. Unasema umeomba upasuaji wa mtoto wako Kamau, ule wa kuwekewa kipandikizi cha kumsaidia kusikia, usogezwe hadi Desemba, kwa kuwa daktari ametaja steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na shosho amekumbuka jinsi jirani yenu alivyovimba uso kwa kumeza prednisoni, ambayo nayo ni steroidi. Kuhusu jirani, shosho hajakosea. Ila yule alizimeza miezi na miezi. Kamau anatajiwa dozi moja, au ya siku chache, na hiyo haimvimbishi mtu uso.

Dawa yenyewe mara nyingi ni deksamethasoni. Sisi wauguzi tunaiita deksa. Hudungwa kwenye mshipa mtoto akishalala, maana akiwa macho humletea mwasho mkali wa ghafla huko chini. Kazi yake moja ni ya kawaida kabisa: kuzuia kutapika. Sikio la ndani ndilo linalotuwekea mizani ya mwili, na likiguswa kwenye upasuaji mtoto hutapika sana. Kwa kutapika, kipimo kinachotumika sana ni miligramu 0.15 kwa kila kilo. Kamau wa kilo 14 atapata kama miligramu 2, nusu ya kile kichupa kidogo cha miligramu 4. Kuna wapasuaji wanaotoa zaidi ya kipimo hicho kwa ajili ya sikio lenyewe; waulize wao watampa kiasi gani na kwa siku ngapi.

Kwa nini sikio? Koklea, ile sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, imejikunja kama nyumba ya konokono, mizunguko miwili na nusu, na ndani yake husukumwa uzi mwembamba wa kipandikizi wenye elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme. Daktari awe na mkono mwepesi vipi, mwili utajua kuna mgeni: utavimba, kisha utajenga kovu kuuzunguka uzi. Kovu likiwa nene, umeme hupita kwa shida na kifaa hudai nguvu zaidi. Deksa hupewa ili kuupoza uvimbe huo. Wengine huidondoshea hapo hapo kwenye dirisha la mviringo, ambako uzi huingilia, na siku hizi kuna nyuzi zilizotengenezwa na dawa ndani yake, zikiiachia taratibu. Nisikudanganye, watafiti hawajakubaliana ni kipimo kipi kinachowafaa watoto zaidi, ndiyo maana daktari huyu atakwambia hivi na yule vile. Wala deksa haitamrudishia Kamau usikivu aliokwisha kuupoteza.

Mimi ninachokiogopa ni hiyo Desemba. Kamau alipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, na baada ya ugonjwa huo koklea inaweza kuanza kujaa mfupa, wakati mwingine ndani ya wiki chache tu. Ikishajaa, uzi hauna pa kupita. Ndiyo sababu watoto kama yeye husogezwa mbele ya foleni, na wewe unamrudisha nyuma! Jumatatu wapigie uombe tarehe yako ya kwanza. Wakisema imeshachukuliwa, waulize skani ya mwisho ilionyesha nini, na kama irudiwe.

Waambie pia kama amecheza na mtoto mwenye tetekuwanga, maana steroidi hupunguza kinga. Na utafute kitabu chake cha kliniki. Ile sindano ya nimonia ya wiki 6, 10 na 14, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka 2011, ni muhimu sana kwake, kwa sababu kipandikizi chenyewe huongeza hatari ya homa ya uti wa mgongo. Akiwa ametimiza miaka 2 kuna nyingine ya nyongeza, na inatakiwa imalizike angalau wiki 2 kabla ya upasuaji.

Prednisoloni ya kemisti usimnunulie, hata muuzaji aape kwamba ni ya kikohozi tu. Hiyo ndiyo steroidi ninayoigombania kila wiki hapa: inaficha homa, mama anadhani mtoto amepona, kumbe kidonda kinatunga usaha. Akitoka hospitali na nyuma ya sikio pakawa pekundu, mrudishe siku hiyo hiyo.

Nipigie picha ukurasa wa chanjo uutume jioni hii, niuangalie kabla sijaingia kazini. Na shosho mpe simu, nitaongea naye mwenyewe. Tangu zamani ananisikiliza mimi kuliko wewe.

Wako,
Akinyi